Mbege ya Kamishna

Ijumaa mchana, Bibi Aikaeli alikuwa ndiyo kwanza anamimina uji wa ulezi kwenye pipa la mbege, pombe ya ndizi, redio nayo ikamimina yake: Rais ametengua uteuzi wa Kamishna wa Polisi Elifuraha. Sababu haikutajwa. Elifuraha ni mwanawe wa kwanza, na ibada ya shukrani ya uteuzi huo ilikuwa kesho yake, hapo hapo kwake Old Moshi, majirani wote wamealikwa.

Akampigia. Simu imezimwa. Akapiga tena, mpaka kidole kikachoka.

"Ahirisha, Mama Elifuraha," alisema jirani yake Loveness, aliyefika kabla habari haijaisha kusomwa. "Mchungaji ataelewa."

"Mchungaji ataelewa. Na mbege nayo niiambie ielewe?"

Kweli, ulezi ukishaingia hautoki. Mbege ya leo hunywewa kesho. Keshokutwa ni siki. Bibi akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Cheo kwenda na kiende. Tangu kije, hakijamleta mwanawe nyumbani hata mara moja. Ila alimjua Elifuraha: akianguka hujificha. Alipofeli darasa la saba alikaa siku tatu kwenye banda la ng'ombe. Asipokuja kesho, hatakuja tena mama yake akiwa hai.

Jumamosi, hadi saa sita, viti vilikaa vitupu, hata cha mchungaji. Halafu wakaanza kuchungulia, kila mtu na uongo wake: huyu kafuata panga lake, yule kapotelewa na kuku. Saa nane uani hapana pa kukanyaga, umbea umepamba moto. Waliojitapa juzi kwamba Kamishna ni damu yao, leo walikuwa majirani tu.

"Aikaeli," akauliza Mzee Ezra, "tumekuja kwenye shukrani au kwenye rambirambi?"

"Mmekuja kunywa. Msinichoshe."

Lakini pipa lilibaki limefunikwa. Mwenye shughuli ndiye huonja kwanza, na mwenye shughuli hayupo. Povu likainua mfuniko. Watu wakameza mate.

"Si uonje wewe, mama! Unataka tufe kwa kiu?" akaropoka mmoja.

"Shughuli si yangu."

Saa kumi bodaboda ikasimama kwenye migomba. Akashuka mtu wa kandambili, begi moja mgongoni, mashavu yamebonyea. Maneno yakakatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu yako ilikuwa wapi?"

"Sikuwa na la kusema."

"Nani kakuuliza? Onja, watu wana kiu."

Elifuraha akapokea kata, akanywa taratibu mpaka chini.

"Imeanza kuchacha."

"Ilikuwa inakungoja."

Kata ikaenda kwa Mzee Ezra, na uani kukalipuka upya kwa maneno, mengine yakimsema mwenye shughuli waziwazi. Elifuraha akaegemea nguzo ya baraza. Kata haijamfikia mtu wa tatu, keshalala, kinywa wazi. Loveness akanyanyuka awanyamazishe watu.

"Waache," Bibi Aikaeli akasema, akijishusha kitini kando ya mwanawe. "Wakinyamaza ataamka."