Mababa Saba wa Tolkyn

Chujio la kompyuta yangu halikuleta kitu. Nilikuwa nimeliagiza lichukue mababa saba wa dada yangu Tolkyn, lilinganishe kila jina na mababa saba wa Dosbol, mchumba wake, kisha litoe yaliyo sawa. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Umeona?" Tolkyn akasema begani kwangu. "Si ndugu. Waambie wazee wao walete hereni za uchumba."

"Subiri kidogo."

"Kaka, wewe hata chai unaishuku."

Kwetu, wanaokutana kwa babu mmoja ndani ya vizazi saba hawaoani. Sisi na akina Dosbol ni ukoo mmoja. Mababu walilisha kondoo bonde moja. Weupe ule ulinitia shaka. Kurasa hizo za familia kwenye kompyuta, pamoja na chujio lake, niliziandika mwenyewe, kwa hiyo nilianza kwa kujishuku mimi. Nikaweka jina la baba yake Dosbol pande zote mbili. Likaletwa papo hapo. Chujio lilikuwa zima. Waliobaki kushukiwa ni majina yenyewe.

Baba na babu yetu tuliwajua kwa vyeti vyao. Waliotangulia alitufundisha Bibi Kulyash: Mpanda Kijivu, yule wa farasi wa kijivu, Mkimya, Mzee wa Kisima, na wengine wawili. Nikamfuata jikoni, alikokuwa akikanda unga.

"Bibi, Mpanda Kijivu aliitwa hivyo na mama yake?"

"Mama yake? Nilimwita mimi."

"Na jina lake hasa?"

"Una wazimu? Baba mkwe wangu yule! Mke hataji majina ya wakubwa wa mumewe."

"Na wale wengine?"

"Wote."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?"

Tolkyn alikuwa mlangoni. "Bibi, naolewa au siolewi?"

Bibi akafuta mikono, akageukia ukuta, akayanong'ona majina matano.

Nikayaandika. Safari hii chujio likaleta moja: Temirkhan. Wa sita kwetu, wa tano kwao.

Tolkyn akakaa sakafuni. "Alijua. Ndiyo maana akaficha."

"Nyamaza, mbuzi wewe," Bibi akasema.

Kompyuta hulinganisha maandishi, haijui watu. Temirkhan akiwa mmoja, baba yake naye ni mmoja. Nikalinganisha baba zao: wetu ni mwana wa Shoman, wao mwana wa Kozhabek. Hawalingani. Hata hivyo, nikihofia kwamba hata Kozhabek ni jina lililopachikwa na mke fulani, nikampigia simu baba yake Dosbol.

"Majina haya ulitajiwa na nani, mzee?"

"Na baba yangu. Ulitaka nitajiwe na jirani?"

"Na Temirkhan wenu amezikwa wapi?"

"Hapa hapa, juu ya kijiji. Kwani vipi?"

Nikamgeukia Bibi. Wetu alifia ng'ambo ya mpaka, akasema, na hakurudishwa.

"Linganisha tena," Tolkyn akasema. Nikalinganisha tena. Alinitazama mpaka nikatikisa kichwa: si mtu mmoja. Ndipo akasimama, akatoka na simu yake.

"Sasa yafute hayo majina," Bibi akasema.

"Siwezi, Bibi. Watoto wa Tolkyn nao watayahitaji."

Akarudi kwenye unga wake, hakunitazama.