Chumvi ya Mke wa Lutu

Kila Ijumaa asubuhi, Tavita alikanda unga wa mikate ya Sabato huku akitazama dirishani barabara ya kutoka Tiberia kwenda Kaisaria. Huko ndiko alikoolewa binti yake Shifra, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hajamtia machoni. Ijumaa hiyo alipotia mkono kwenye chungu cha chumvi, alikikuta kitupu. Papo hapo akasikia hodi.

Alikuwa mke wa Lutu, yule aliyegeuka nguzo ya chumvi kwa kutazama nyuma mji wao ukiteketea. Alisimama kizingitini, mweupe kuanzia utosini hadi nyayoni, na mbuzi wa jirani akimlamba kiwiko.

"Karibu, mama. Mfukuze huyo, hana adabu."

"Mwache tu. Kule kwetu ng'ombe hunilamba hadi vifundoni, na kukicha nimeshaota tena."

Tavita alimwomba chumvi kidogo. Mgeni akainamisha bega, naye Tavita akalikwangua kwa kisu na kutia kwenye unga.

"Nimekuja kumshukuru Rabi Shabtai," mgeni alisema. "Miaka yote hii wananisema darasani: mdaku, mbishi, mchoyo. Yeye kafundisha kwamba niligeuka kuwatazama binti zangu walioolewa mjini, kama wanatufuata. Ni kweli. Kayajuaje?"

Rabi Shabtai, mume wa Tavita, alikuwa pembeni akivaa viatu. Alibaki na kimoja mkononi. Kwao marabi, anayefundisha neno alilolisikia kwa mwingine sharti amtaje, hata kama mwenyewe amekwisha kufa.

"Mama Shifra ndiye aliyesema," alijibu. "Alikuwa anaosha vyungu."

"Na ulimtaja?"

"Niliona haya. Wanafunzi wangesema siku hizi nasomea jikoni."

"Nenda kamtaje," mgeni alisema.

"Baba Shifra," Tavita akaita, "hicho ni cha kushoto."

Akabadilisha, akaenda. Wanafunzi walimsikiliza kwa heshima, wakakubali kwamba neno ni la mkewe, kisha wakarudia somo kwa sauti moja: "Rabi Shabtai amesema, mke wa Lutu aligeuka kuwatazama binti zake." Walikuwa wameshalikariri hivyo, na jina jingine lingewaharibia mahadhi.

Aliporudi, mikate ilikuwa imeiva na mgeni ameshaondoka. Mbuzi alikuwa akilamba kizingiti.

"Nimewaambia, ila jina lako hawakulishika," alisema. "Nisamehe. Lakini ilikuwa tafsiri nzuri mno, Mama Shifra. Mimi nimesoma miaka thelathini sijaiona. Wewe uliitoa wapi?"

Tavita alimmegea mkate kidogo, akamtazama akitafuna. Chumvi ilikuwa imekolea vizuri. Akajipangusa unga mikononi.

"Sikuwa nafasiri, mume wangu," alisema. "Nilikuwa nakuambia nataka kwenda kumwona mwanangu."