Napita na Moto

Kitendawili: mgeni wangu haingii mlangoni, anaongea mchana kutwa, na ukimjibu hasikii. Ukisema televisheni, umepata. Dobi angekuongezea kwamba mgeni huyo akinyamaza haiachi nyumba kama alivyoikuta.

Jumamosi hiyo Dobi alikuwa amefura kama chura. Asubuhi alikuwa ameiokota pasi ya mkaa ya marehemu mdogo wake jalalani, kwenye kona ya mtaa, kifuniko kimepinda na mpini umejaa tope. Mwizi hakuwapo. Aliyeitupa ni Kidoti, binti wa marehemu mwenyewe, anayelelewa na Dobi tangu mama yake afariki. Alipoulizwa, mtoto alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nisamehe, mama mkubwa. Sitaki mama aje."

Sitaki mama aje! Dobi aliketi juu ya beseni lililofudikizwa. Kumbe ndiyo maana mtoto amekuwa akienda shule na sare iliyokunjamana kama uso wa nyani. Kila akiambiwa alete sare ipigwe pasi, alisema amesahau.

Na aliyemtia mtoto hofu hiyo hakutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni kijana wake Dobi, kifungua mimba, ambaye mtaa mzima unamwita Mtunzi kwa sababu ndiye anayeandika ile tamthilia ya mizuka ya televisheni, Pasi ya Kuzimu.

Mchana Mtunzi akaja, anapiga mluzi, shati jeupe begani.

"Shikamoo, mama! Nipigie hili. Kesho tunaonyesha sehemu ya mwisho, kuna sherehe kubwa. Halafu niambie, tamthilia unaionaje? Sema kweli, mimi mtu mzima."

"Marahaba. Kaa."

Televisheni ilikuwa inarudia sehemu ya wiki. Kidoti alikuwa mkekani karibu na mlango, kauelekeza uso ukutani, vidole masikioni. Dobi akaizima.

"Umeniomba kweli, kula kweli. Ulianza vizuri. Yule mama aliyekufa, anarudi alfajiri kumpigia mwanawe sare pasi, mtoto akiamka anaikuta ina joto. Hakuna ngoma wala kelele, ni joto la nguo tu. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba wa nani. Na yule mwigizaji anavyoinamisha shingo, ni mama yako mdogo mtupu. Hapo nilisema, mwanangu ana kipaji."

Mtunzi akatabasamu. "Asante, mama."

"Usinishukuru, sijamaliza! Mwanzo ulisema mzuka wako hawezi kuvuka maji. Baadaye kavuka mto, tena kwa miguu. Ulisema haonekani ila na mwanawe, sasa anamfukuza dereva sokoni na watu wote wanamwona. Mzuka asiyezuiwa na kitu anatisha nini? Hicho ni kitendawili ambacho kila jibu ni sahihi. Nani atakitegua?"

"Watazamaji wanataka moto, mama. Sehemu zile za polepole walianza kuzikimbia. Wakubwa wa kituo wakaniambia, huyo mzuka achome watu."

"Na wewe ukamkabidhi mama yako mdogo!"

"Si yeye. Ni mhusika tu."

"Mhusika!" Dobi alisimama, beseni likapinduka. "Anapuliza maji mdomoni kulainisha kitambaa, kama yeye. Ana pasi kama yake. Na kabla ya kumuunguza mtu anasema nini? Sema, unalijua!"

Mtunzi akatazama viatu vyake. "Napita na moto."

Ndipo penye kidonda. Pale dobini, kwenye chumba cha kupigia pasi, Dobi na mdogo wake walikuwa wakiwasha makaa uani, kisha wanapita na pasi zinazowaka katikati ya meza, na watoto wao wamejaa chini ya meza kama vifaranga. Anayeingia lazima aite, "Napita na moto!" Na watoto lazima wajibu, "Pita, nimekunja miguu!" Bila jibu hilo, hapiti mtu. Marehemu aliweza kusimama mlangoni na pasi nzito mpaka mkono ukafa ganzi, akingoja sauti ya mwisho. Mtunzi mwenyewe alikuwa mmoja wa hao vifaranga.

"Lile lilikuwa neno la kukulinda usiungue," Dobi alisema. "Wewe umelifanya la kuunguzia watu. Umechukua wito, jibu umelitupa. Sasa mtoto wake anamwogopa. Amefiwa na mama mara moja, wewe unamfisha mama yake mara ya pili! Kesho mwisho wake nini?"

"Mzuka anachomwa," Mtunzi akanong'ona. "Ndani ya nyumba. Tumesharekodi, mama. Siwezi kubadili."

"Huwezi?"

"Siwezi."

Dobi aliichukua pasi. Alitoka nayo kwenda uani, akaugonga ule mpini mpaka tope likadondoka, akakinyoosha kifuniko kwa jiwe, akawasha makaa. Alivyoyapepea, ungedhani anawachapa watu. Kisha akasimama mlangoni, pasi mkononi, sare ya Kidoti begani.

"Napita na moto!"

Kidoti akajibana ukutani, macho yamemtoka. Mtunzi, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaivuta miguu yake chini ya kiti kabla hajajua anafanya nini. Mtoto akamwona.

"Kaka, nawe unaogopa?"

"Hapana," akasema Mtunzi. "Tulizoea hivyo. Mama yako alikuwa hapiti mpaka tujibu tumekunja miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nachelewa makusudi, naye ananisubiri."

"Alikuwa anakupiga?"

"Alikuwa anacheka."

Dobi bado yuko mlangoni. Pasi ilizidi kuwa nzito, hakuishusha.

"Napita na moto!" aliita tena, safari hii taratibu, kama alivyokuwa akiita mdogo wake.

Kidoti alivuta goti moja, kisha la pili.

"Pita," akasema, sauti ndogo kama ya sindano ikidondoka. "Pita, mama mkubwa. Nimekunja miguu."

Dobi akapita. Akaitandaza sare mezani, akajaza maji mdomoni, akapuliza. Mtoto akasogea, kidogo kidogo, mpaka akasimama ubavuni pake. Kola ilipomalizika, Dobi akamwekea shavuni ile nguo yenye joto.

Mtunzi akakohoa. "Mama... na shati langu?"

Dobi akaliokota kwa ncha za vidole, akamrushia kifuani lilivyo, na makunyanzi yake yote.

"Kamwambie mzuka wako akupigie. Si anaweza kila kitu?"