Mwenzi wa Sahani

Mizigo ilikuwa juu ya behewa la wazi, na Ndaya juu ya mizigo akitetemeka kwa homa, lakini mumewe Mulumba bado alisimama chini kwenye mawe ya reli, akitazama upande wa mjini. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi. Mulumba alikuwa akimngoja Polycarpe, Mlunda, mwenyeji wa mji huo.

Kabla ya fujo, katika ukumbi wa parokia, wanaume waliotaka kuachana na lutuku, ile pombe kali ya mahindi, walipangwa wawili wawili. Saa ya kunywa ikifika, wenzi walikula bukari, yaani ugali, sahani moja, polepole, mpaka kiu ipite. Mji ulipochafuka, wenyeji waliwakimbia wenzi wao wa Kasai mmoja mmoja. Polycarpe, mwenzi wa Mulumba, alibaki.

Alikuja, chakula kikiwa kimefungwa kitambaani, bidoni, dumu la maji, begani. Vijana waliolinda stesheni walimzomea.

“Polycarpe, unalisha bilulu?” Wadudu: ndivyo walivyowaita watu wa Kasai.

“Kuya ukule nabo. Sura yako iko na njala,” Polycarpe alijibu.

Mulumba alifungua bidoni. Harufu ilimpanda puani, na koo lake likaamka kama mbwa aliyesikia jina lake.

“Ndugu, hii bidoni ilikuwa ya nini?”

Zamani Polycarpe alilibebea lutuku. Alikuwa amelisugua kwa majivu, akachemsha maji, akasahau pua ya mwenzake. Nyumba yake nzima haikuwa na chombo kingine. Akataka kumwaga, Mulumba akamshika mkono. Tangu asubuhi Ndaya hakuwa amepata hata tone. Akampandishia bidoni, akageuza uso mkewe alipokunywa. Yeye alikula bukari kavu na mwenzake, mpaka treni ikapiga honi.

“Kule utakula na nani?” Polycarpe aliuliza.

Mulumba alipanda behewa.

Kesho yake, jua likizama, mama mmoja alifungua chupa na harufu ikajaa behewa. Mulumba alishika ukingo kwa mikono miwili. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulitamka nje ya ukumbi.

“Mi niko mulevi. Nani atakula na mi?”

“Kula nini, tata?” mtu alijibu, wakacheka.

Fundi cherehani mmoja, Omer, hakucheka. Alikunja miguu, akamwachia nafasi, akatoa kipande cha muhogo.

Omer alikufa kwa kuhara kabla ya kufika, wakamzika kando ya reli. Ndaya alipona, akauza muhogo Mwene-Ditu, huko Kasai. Kolwezi, ukumbi wa parokia ulifungwa. Polycarpe, aliyekosa wa kula naye, alirudia lutuku kabla mvua hazijaisha, akaokotwa maiti mtaroni, njia ya Mutoshi. Habari hizo hazikumfikia Mulumba. Hakunywa tena, na mpaka kufa kwake aliwaambia walevi waliomjia kwamba Kolwezi yuko mtu mmoja aliyeishinda lutuku.