Nikamkosa, Nikamkosea

Mimi ni Mfipa wa Kasense, na msinicheke: shuleni nilichapwa sana kwa kusema Kifipa, mpaka Kiswahili changu kikanyooka kuliko cha mwalimu. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa ukarani wa mahakama, kisha uhakimu wa mahakama ya mwanzo huko vijijini. Nilikijivunia mno.

Huko ndiko polisi walikoniletea Zenon, mkulima wa Ilemba, niandike maelezo yake. Jirani yake Modesti, waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba, alikutwa amekufa, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe. Zenon akaniambia, "Nilirusha jiwe, mama, nikamkosa Modesti."

Moyoni nikasema, washamba hawa, hata sarufi hawana! Nikamsahihishia. Nikaandika, "nikamkosea Modesti." Nilipomsomea akaitikia, "Ndiyo, mama," maana hakimu habishiwi, akaweka dole gumba. Maskini, alikuwa anasema jiwe halikumpata. Mimi nikamfanya akiri. Ushahidi mwingine wa maana haukuwepo, na Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa.

Mwaka wa tisa huu. Mwanzoni mwa mwaka huu niliteuliwa kuwa jaji, mtaa wangu wote wa Kizwite ukanipongeza, na siku tatu kabla sijaapishwa mke wa Zenon, Gaudiosa, akabisha hodi kwangu. Kanizidi umri, lakini alinipa shikamoo. Nami nikaipokea, aibu gani hii!

"Rufaa ya mwisho ni wiki ijayo," alisema. "Mume wangu anasema alikwambia 'nikamkosa'. Wakili anaomba uape tu ulivyosikia."

Lo! Nilisikia vizuri, masikio yangu hayana hitilafu. Ila miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiria tena neno lile. Nikisema kweli, ujaji umekwenda na maji, na kila jalada nililowahi kuandika litafukuliwa. Nikikataa, mtu atanyongwa kwa herufi niliyoongeza mimi. Niliogopa, jamani.

"Mama," nikamwambia, "niliandika alichosema."

"Basi, mheshimiwa. Nisamehe kwa usumbufu." Akapiga goti kuniaga, akaenda zake.

Niliapishwa. Rufaa ikatupwa. Hukumu yake nimeisoma mara nyingi mno, hasa pale majaji wenzangu wanapomsifu yule hakimu wa mwanzo kwa kuandika maelezo ya mshtakiwa neno kwa neno.