Wingi wa Kabwela

Chaki ilivunjika mkononi mwa Mwalimu Patriki alipokuwa akimalizia herufi ya mwisho ubaoni: KABWELA. Wanafunzi wake wa elimu ya watu wazima, wakulima wa kijiji cha Masieda waliokuja darasani na udongo bado ukiwa kwenye kucha, walilisoma neno lile silabi moja moja, kama watu wanaovuka mto wenye mawe ya kuteleza.

"Nani atatunga sentensi?" aliuliza mwalimu, ambaye serikali ilikuwa imemleta kutoka Songea.

Aliyejibu alikuwa amesimama mlangoni. Felician Margwe hakuwa mwanafunzi. Alisoma zamani kwa mapadri, baba yake alipokuwa jumbe. Cheo hicho kilifutwa baada ya uhuru, lakini Felician aliendelea kutembea kama mtu anayefunguliwa milango.

"Ludovika ni kabwela," alisema, "na kabwela halimi shamba la mtoni."

Wachache walicheka. Wengine waliinamia madaftari yao. Ludovika, aliyeketi miongoni mwao, alihisi masikio yakiwaka moto. Shamba lile mumewe, marehemu Akonaay, alilifyeka kwa mikono yake lilipokuwa matete matupu. Sasa Felician alidai ni la ukoo wa jumbe, na kesho yake kamati ya kijiji ingekaa ili mjane huyo aweke dole gumba kwenye karatasi ya kuliachia.

Mwalimu aliinua kifutio.

"Usilifute, mwalimu," alisema Ludovika. "Maana yake nini?"

"Mtu asiye na cheo wala mali. Mtu wa kawaida." Patriki alishusha mkono. "Wapo wanaolitamka kama tusi. Kwenye mikutano ya chama wanalitamka kwa heshima. Neno ni lile lile, mama, midomo ndiyo tofauti."

"Na wingi wake?"

"Makabwela."

Ludovika alizungusha macho darasani. Alimwona Qamara mfinyanzi, Fransiska na mtoto mgongoni, wazee wawili waliokuwa wakipokezana penseli moja. Miaka yote alikuwa amelibeba jina lile kama mgonjwa anayedhani maradhi yake hayajawahi kumpata mwingine. Alilinakili neno daftarini, kisha akalinakili tena, mpaka mkono ukalizoea.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kikao cha kamati, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bura, alimsogezea karatasi na kidau cha wino.

"Weka dole hapa, mama."

"Naomba kalamu."

Wajumbe wa kamati walitazamana. Kalamu ilipoletwa, Ludovika aliinama mezani akaandika bila haraka, ulimi ukiwa umebanwa kwenye pembe ya mdomo. Mzee Bura aliigeuza karatasi, akasoma kwa sauti: "Sitaki. Ludovika Akonaay, kabwela."

"Ameharibu karatasi ya serikali," alisema Felician.

"Nimeijibu," alisema Ludovika. "Iliniuliza."

Kwenye mabenchi ya nyuma, walikokaa wanakijiji waliokuja kusikiliza, Fransiska alisimama. Qamara naye akasimama, kisha wengine wawili watatu, na benchi likapiga kelele sakafuni. Mzee Bura alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hatimaye alitangaza kwamba shauri lingepelekwa tarafani.

Huko tarafani Felician alikuwa na marafiki. Ludovika alilijua hilo. Alitoka kikaoni akaenda moja kwa moja shambani kupalilia maharage yake, kwa sababu magugu hayangoji tarafa.

Mstari wa tatu haujakwisha alipomwona Zita, mke wa Felician, akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Tangu aolewe katika nyumba ile, Zita alikuwa akimpita bila salamu, ingawa Ludovika angeweza kumzaa. Leo alisimama. Alitazama njia alikotoka, akatazama na alikokuwa akienda.

"Shikamoo, mama."

Ludovika alinyoosha mgongo.

"Marahaba, binti."

Maji yalitikisika ndooni, yakamlowesha Zita bega. Hakuyafuta.

"Hilo darasa lenu," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni siku zipi?"