Birika la Stima la Mama Akil

Mwaka 1912, stima ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia Mji wa Kale, Ummulkheir alimsumbua mumewe Zein hadi akamnunulia birika kubwa la shaba, la kuchemshia maji kwa stima. Miaka ishirini alikuwa amepuliza kuni, na macho yake yalikuwa mekundu kila siku ya Mungu. Moshi alikuwa ameuchoka, basi.

Lakini karibu kila birika lilipowashwa, fyuzi iliungua, pap! na nyumba nzima ikaingia gizani. Fundi Abdeali alikuja mara tatu kubadilisha ule uzi wake mwembamba. Mara ya tatu alicheka.

"Vyombo hivi, bibi, si vya kuchezewa na wanawake."

Zein naye akatoa neno lake. "Ijumaa tuna maulidi hapa, Mama Akil. Taa zikizimika mbele ya wageni, birika larudi dukani, nawe urudi kwenye mafiga yako."

Maneno hayo yalimchoma. Alikaa mbele ya birika akawaza. Akakumbuka alipougua homa siku tatu, binti yake Mona alichemsha maji na taa hazikupepesa. Siku hizo hakuna aliyelisugua. Yeye mwenyewe hulisugua kila alasiri kwa majivu na ukwaju, kisha hulizamisha zima kwenye pipa kulisuuza, kama mamake alivyomfunza kuosha shaba. Akalipindua. Kitakoni, penye tundu la waya, maji yakachuruzika.

"Kumbe ni mimi!" Alijicheka hadi machozi.

Akalianika darini, juu ya nyumba, kwenye jua kali siku mbili. Hakulisugua tena, ingawa mkono ulimwasha kweli kweli.

Ijumaa baada ya magharibi, wageni wakiwa tele, aliliwasha mwenyewe. Kasida zikapanda, maji yakaunguruma, taa zikawaka tuli. Chai ikamiminika, hata Abdeali huko barazani alikunywa vikombe viwili.

Zein akaja mlangoni mwa jiko. "Amelitengeneza nani?"

"Mwanamke," akamjibu.

Wifi yake Intisar, ambaye jicho lake halipitwi na kitu, akaligusa birika. "Wifi, mbona shaba yako imesawijika hivi?"

Siku nyingine Ummulkheir angekufa kwa haya. Leo alimjazia kikombe, akajielekezea kidole machoni.

"Iwate isawijike, wifi. Wewe n'tazame mato, wekundu umekwisha."